Saa Tatu ya Addis Ababa

RAMA: Dada Halima, kabla hujasema lolote, nataka wasikilizaji wajue kwamba saa nane na nusu nilikuwa tayari mlangoni. Viatu nimevaa, begi mgongoni, chupa ya maji mkononi.

HALIMA: Salamu kwanza, kaka.

RAMA: Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Saa nane na nusu nilikuwa mlangoni.

HALIMA: Waaleikum salaam. Na dereva alifika saa ngapi?

RAMA: Saa tatu.

HALIMA: Ya asubuhi.

RAMA: Ya asubuhi. Mimi nimelala! Ndege ilitua usiku wa manane, nimefika nyumba ya wageni karibu alfajiri.

HALIMA: Anza mwanzo. Mimi uliponipigia ulikuwa unahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, sikushika hata nusu.

RAMA: Basi. Nilikuwa na siku moja na nusu Addis Ababa kabla ya kuunganisha ndege ya kurudi. Nikasema safari hii sikai uwanjani Bole kuhesabu mabegi ya watu. Ninakwenda Piassa, kwenye lile jumba lililofunguliwa 2024, la makumbusho ya Adwa, vita ambavyo Ethiopia iliishinda Italia. Mnajua nimelisema hapa mara ngapi.

HALIMA: Hata mama yako kachoka.

RAMA: Mama kachoka kweli. Sasa, yule kijana wa teksi aliyenitoa uwanjani tukapatana anifuate siku hiyo hiyo anipeleke. Tunazungumza Kiingereza, chake cha kuokoteza na changu cha kuokoteza. Akaniambia "thrii". Mimi kichwani nikageuza: thrii ya Kiingereza, kwetu ni saa tisa. Saa tisa alasiri, vizuri, nitakuwa nimelala nimeamka. Nikamwambia sawa, thrii.

HALIMA: Na yeye?

RAMA: Yeye alikuwa anatafsiri saa yake! Kwao saa tatu asubuhi ni saa tatu, *sost sa'at*. Jua likichomoza ndiyo wanaanza kuhesabu, kama sisi, sawasawa kabisa. Yeye akachukua tatu yake akaivika Kiingereza: thrii. Akaja saa tatu asubuhi, akasubiri nje saa nzima na nusu. Simu ya chumbani haifanyi kazi, na mimi sina laini ya kule.

HALIMA: Masikini.

RAMA: Ngoja. Saa tisa alasiri nimesimama, hakuna mtu. Nikamwomba dada wa mapokezi anipigie. Nikamwambia kijana, ndugu yangu, nakusubiri, sasa hivi ni thrii. Akasema hapana, sasa hivi ni naini.

HALIMA: Naini!

RAMA: Naini! Nikahisi ananidhihaki. Nikarudia, ni thrii. Akarudia, ni naini. Dada wa mapokezi ananiangalia. Halafu, wallahi dada, ikanipiga hapa kifuani. Naini ni tisa. Ni saa *tisa*. Anasema saa tisa! Ningeongea Kiswahili tangu uwanjani, nikamwonyesha vidole vitatu, nikamwonyesha jua, tungeelewana bila matata. Watu wawili wanaohesabu saa kwa namna moja, tumepotezana kwa sababu kila mmoja kapitia London.

HALIMA: Hiyo mimi naijua tangu utoto. Isiolo na Moyale hakuna anayepotea. Bibi yangu, akko, alikuwa akisema saa kwa Kiborana, jirani wa kutoka ng'ambo ya mpaka anasema kwa Kiamhari, mwalimu anasema kwa Kiswahili, wote saa moja ni saa moja. Anayechanganya ni yule aliyevaa saa ya mkononi.

RAMA: Sasa hapo ndipo nilipotaka kuingilia mada yetu. Wasikilizaji, leo tulipanga mambo matatu ya kujifunza kutoka Ethiopia. Nimeyaandika. La kwanza ni Adwa. Tarehe 1 Machi 1896...

HALIMA: Kwa kalenda ipi?

RAMA: Ya kwetu.

HALIMA: Kwao je?

RAMA: Kwao ni Yekatit 23, mwaka 1888.

HALIMA: Haya, umesoma. Na wanaadhimisha lini?

RAMA: Machi 2.

HALIMA: Kwa nini si Machi 1?

RAMA: ...

HALIMA: Kwa sababu 1900 kalenda ya Wazungu iliruka Februari 29, ya kwao haikuruka. Tangu hapo Yekatit 23 inaangukia Machi 2. Tarehe yao haikuhama, iliyohama ni yenu.

RAMA: "Yenu"? Dada, wewe unatumia ipi?

HALIMA: Mimi leo niko upande wa akko.

RAMA: Sawa. Lakini hebu tuwaeleze watu, maana kuna wasiojua. Miezi 12 ya siku 30, kila mmoja 30 kamili, hakuna kuhesabu vifundo vya vidole. Zinabaki siku 5, au 6 mwaka mrefu. Hizo zinakuwa mwezi wa 13, Pagume. Mwaka mpya ni Meskerem 1, yaani Septemba 11, na miaka mingine 12. Na wako nyuma yetu miaka saba au minane, inategemea umeuliza kabla ya Septemba au baada.

HALIMA: Hawako nyuma. Hapo ndipo nakukataza. Nyuma ya nani?

RAMA: Namba yao ni ndogo.

HALIMA: Namba ndogo, sawa. Walipiga hesabu yao wenyewe ya mwaka wa kuzaliwa Yesu, Roma wakapiga yao, zikatofautiana. Usiseme nyuma. Ile sherehe yao ya kuingia mwaka 2000 walifanya Septemba 2007, mji mzima umewaka taa, na hakuna aliyehisi kachelewa.

RAMA: Nimekubali. Lakini kuna jambo lilinichanganya. Tuko garini tunapanda kuelekea Arat Kilo, kijana ananisimulia habari za familia yake, anasema walihama kwao kwa sababu ya njaa ya sabini na saba. Mimi nikawa namfikiria Mengistu, mtawala wao wa wakati ule, na ile vita ya Ogaden, 1977. Namuuliza, njaa au vita? Anasema njaa, watu wengi walikufa, dunia nzima ikaimba.

HALIMA: Ya 1984.

RAMA: Ya 1984! Kwao ni 1977, ndiyo maana wenyewe wanaiita ya 77. Mwaka niliozaliwa mimi, dada. Miaka yote hii nimesikia njaa ya 84, nimekaa na mtu ambaye kwake ina jina jingine kabisa. Nikajisikia nimesoma historia ya watu wale kwa tarehe za watu wengine.

HALIMA: Hilo ni kubwa kuliko mambo yako matatu.

RAMA: Na mji ule umejaa tarehe. Arat Kilo pale katikati kuna mnara wa Miyazya 27. Hiyo ni Mei 5, 1941, mfalme Haile Selassie anarudi Addis. Miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie, Mei 5, 1936. Ukipanda mbele, Sidist Kilo, kuna mnara wa Yekatit 12.

HALIMA: Februari 19, 1937.

RAMA: Baada ya vijana wawili kumrushia Graziani, mtawala wa Kiitaliano, mabomu ya mkono. Siku tatu Waitaliano wanaua watu mitaani, wanachoma nyumba na watu ndani. Kijana hakunieleza kwa Kiingereza. Alinyoosha kidole tu akasema "Yekatit asra hulet", Yekatit kumi na mbili, akanyamaza. Hiyo ilinitosha.

HALIMA: Hospitali ya Yekatit 12 iko hapo hapo pia.

RAMA: Iko hapo hapo. Sasa nirudi Adwa...

HALIMA: Bado. Bwawa lao kubwa la Mto Nili lilizinduliwa lini?

RAMA: Dada, bwawa ni jambo la tatu.

HALIMA: Jibu tu.

RAMA: Septemba 9, 2025.

HALIMA: Kwao?

RAMA: Septemba 9... mwaka mpya 11... toa... Pagume 4!

HALIMA: Pagume 4, 2017. Walilizindua ndani ya mwezi wa 13. Megawati 5,150, miaka kumi na minne ya ujenzi, watu wamekatwa mishahara, wamenunua hatifungani, na wakalifungua katika mwezi ambao kwa kalenda yako haupo.

RAMA: [anacheka] Subhanallah. Hiyo sikuwa nayo.

HALIMA: Nimekaa nayo tangu mwaka jana nakusubiri.

RAMA: Ngoja basi nami nikupe. Kutoka Adwa mpaka bwawa ni miaka mingapi? 1896 mpaka 2025.

HALIMA: 129.

RAMA: Na 1888 mpaka 2017?

HALIMA: ... 129.

RAMA: Ahaa!

HALIMA: Bila shaka ni 129, Rama, miaka ni ile ile.

RAMA: Najua, lakini imekaa vizuri. Fundi anatuonyesha dakika. Haya, Adwa. Nafika Piassa, saa kumi na moja jioni inanyemelea...

HALIMA: Kumi na moja ya wote.

RAMA: Ya wote. Makumbusho wameshafunga kuingiza watu. Nimelizunguka kwa nje, jumba kubwa, nikashika ukuta. Tukatembea hadi kwenye sanamu ya Menelik, mfalme aliyeongoza Adwa, yuko juu ya farasi, karibu na Kanisa la Mtakatifu George. Ile sanamu Waitaliano walipoingia 1936 waliing'oa wakaizika. Waliogopa shaba! Baada ya kufukuzwa ikafukuliwa, ikarudishwa. Nimesimama pale, nakwambia ukweli, machozi yalinilenga.

HALIMA: Kwa nini hasa?

RAMA: Kwa sababu mimi ni mtu wa Pangani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani na Wajerumani Desemba 1889...

HALIMA: Kalenda?

RAMA: Ya Pangani! Desemba 1889. Mwaka ule ule Menelik anavikwa taji. Mwaka ule ule, Mei, anatia sahihi mkataba wa Wuchale na Italia. Ibara ya 17: kwa Kiamhari inasema Ethiopia *ikipenda* inaweza kuitumia Italia kuzungumza na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano maana yake ni lazima. Neno moja, nchi imeuzwa. Na alipogundua akaufuta mkataba, akaanza kukusanya bunduki. Sisi kwetu wazee walipewa karatasi kama hizo, wakatia alama ya msalaba, basi. Mkwawa ngome yake Kalenga imeanguka 1894, mwenyewe kafa 1898. Kote huku tunapigwa. Halafu huku juu mtu mmoja anaita watu, wanakuja kama laki moja, Tigray, Gojjam, Shewa, Wollo, Harar, wapanda farasi wa Kioromo, na Malkia Taytu na jeshi lake mwenyewe. Baratieri, jenerali wa Italia, ana askari kama elfu kumi na saba, anawapeleka usiku milimani, ramani mbovu, vikosi vinapotezana. Kufika mchana yamekwisha. Majenerali Arimondi na Dabormida wamekufa, Albertone katekwa. Oktoba 1896 Italia inatia sahihi kwamba Ethiopia ni nchi huru. Sasa mimi nisilie?

HALIMA: Lia, kaka. Sikukatazi. Na Taytu usimpitie haraka hivyo. Ile ngome ya Mekelle, Januari, wanaume wanaipanda wanauawa, yeye ndiye aliyesema shikeni chemchemi yao ya maji. Siku kadhaa Waitaliano wakatoka wenyewe kwa kiu. Na jina la Addis Ababa ni lake, Ua Jipya.

RAMA: Umeona! Basi nikamwomba kijana anipige picha na Menelik. Akanipiga, nzuri sana. Nikamwambia njoo tupige pamoja, nitamwomba yule mama atushikie simu. Akasema hapana, asante. Nikamsihi. Akasema wewe tu.

HALIMA: Hakutaka kusimama.

RAMA: Labda kachoka. Kasubiri asubuhi nzima kwa ajili yangu.

HALIMA: Ni mwenyeji wa wapi?

RAMA: Asili yao ni Arsi, alisema.

HALIMA: Rama.

RAMA: Najua unachotaka kusema.

HALIMA: Mtu wa Arsi, mbele ya sanamu ya Menelik, anakwambia wewe tu. Na hukumuuliza?

RAMA: Nimuulize mgeni wa nusu siku jambo kama hilo? Adabu gani hiyo?

HALIMA: Ungemuuliza garini, taratibu. Arsi walipigana na jeshi la Menelik miaka mingi kabla ya 1886. Waoromo wa Arsi wanasimulia mpaka leo kwamba pale Aanolee wanaume walikatwa mikono na wanawake matiti. Mwaka 2014 umejengwa mnara pale, mkono umeshika titi.

RAMA: Na kuna wanaobisha kwamba hilo halikutokea hivyo.

HALIMA: Wapo wanaobisha. Kwamba Arsi walishindwa kwa bunduki wakiwa na mikuki, na ardhi yao ikagawiwa askari, hilo nani anabisha? Kule kusini wanaitwa *neftenya*, mtu wa bunduki. Mwenye shamba anaamka asubuhi amekuwa *gabbar*, anamlimia mtu aliyekuja jana. Mpaka baada ya mapinduzi, 1975, ndipo ardhi inatolewa mikononi mwa hao mabwana. Siyo hadithi ya zamani sana hiyo, Rama. Mama yangu alikuwa kazaliwa.

RAMA: Sikatai. Lakini nchi gani iliundwa kwa chai? Mirambo aliunganisha Unyamwezi kwa kubembeleza?

HALIMA: Mirambo hakuna anayelazimishwa kumwita baba wa Afrika.

RAMA: Hakuna aliyelazimishwa! Na mbona Ras Gobana, jemadari wa Menelik, alikuwa Mworomo? Habtegiyorgis, waziri wake wa vita, Mworomo. Balcha, aliyepiga mizinga Adwa, alitoka huko huko kusini, na 1936 mzee kabisa akafa akipigana na Waitaliano. Hao walikuwa vipofu?

HALIMA: Habtegiyorgis alitekwa vitani akiwa kijana, akalelewa upande wa waliomteka. Na unajua alikwenda wapi mwaka baada ya Adwa? Alishuka Borana. Kwetu. Akko alizaliwa upande wa Kenya kwa sababu ya jeshi lile, watu wake walivuka na ng'ombe wakaja chini ya Mwingereza. Mpaka ukachorwa 1907, ndugu wamebaki kule, visima vimebaki kule. Nikisikia Adwa mimi nasikia mambo mawili kwa wakati mmoja.

RAMA: Lakini Menelik angeshindwa Adwa, mngekuwa na Italia juu yenu miaka arobaini mapema. Tumeona Italia ilipokuja 1935 ilifanya nini. Gesi ya sumu, kutoka angani, juu ya watu wenye miguu mitupu.

HALIMA: Kwa hiyo?

RAMA: Kwa hiyo yule mtu aliwakinga.

HALIMA: Bunduki zilizomshinda Mwitaliano zilinunuliwa kwa nini? Pembe za ndovu, kahawa, dhahabu, na watumwa, vingi vyake kutoka kusini. Kusini ililipa. Haikuulizwa.

RAMA: Basi na ushindi ni wao pia!

HALIMA: Ungekuwa wao kama 1897, mwaka mmoja tu baada ya Adwa, jeshi lile lile lisingekwenda Kaffa. Mfalme Gaki Sherocho, mfalme Mwafrika, ufalme wa karne nyingi, ardhi ambayo kahawa inamea yenyewe porini. Wakamtafuta miezi na miezi, wakamtia minyororo, akafia kifungoni. Yeye na Abushiri wako tofauti gani, wewe mtu wa Pangani?

RAMA: [kimya] ... Tofauti ni aliyemfunga.

HALIMA: Mnyororo haujui aliyeufunga.

RAMA: Mimi naona unajua, dada. Naona una tofauti kubwa. Mtu aliyekuja kutoka ng'ambo ya bahari kuchukua na kuondoka, na mtu ambaye wajukuu wake wamebaki wanaishi na wajukuu wako. Abiy Ahmed baba yake Mworomo, ndiye waziri mkuu, na ndiye aliyezindua makumbusho ya Adwa.

HALIMA: Na 2023, siku ya Adwa, polisi wakawatawanya watu kwa mabomu ya machozi pale pale kwenye sanamu yako, kwa sababu ya nani anaadhimisha na wapi. Na mji wenyewe wa Adwa uko Tigray. Kuanzia vita vya Novemba 2020 hadi mkataba wa amani wa Pretoria, Novemba 2022, Addis wanasherehekea Adwa na watu wa Adwa wamefungiwa, hakuna benki, hakuna simu, hakuna dawa. Makumbusho ni ya nani basi?

RAMA: Hilo la Tigray linaniuma, sitalitetea. Lakini hiyo si dhambi ya Menelik.

HALIMA: Sijasema ni dhambi yake. Nasema hamumalizi kuhesabu.

RAMA: Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa Mwingereza. Kachukuliwa Tanga, akapitia Kenya, akapigana mpaka Gondar, Novemba 1941, Waitaliano wa mwisho wanatoka na bendera nyeupe. Alikuwa akituambia, sisi tulikwenda kumrudisha mfalme. Alijivunia hilo mpaka anakufa. Askari wa Kiafrika kumrudisha mfalme wa Kiafrika. Unataka nimwambie nini babu?

HALIMA: Simwondolei babu sifa yake. Ila mfalme aliyerudishwa, shule zake na mahakama zake zikawa za Kiamhari, na Kioromo kikafungiwa nyumbani. Mtoto anaingia darasani anaacha jina mlangoni. Mpaka 1991 ndipo lugha ikaanza kuandikwa rasmi kwa qubee, herufi zake. Yote mawili ni kweli, kaka.

RAMA: Unasema yote mawili ni kweli lakini unalia kwa moja tu.

HALIMA: Na wewe je?

RAMA: Mimi pia. Lakini langu ni la Afrika nzima.

HALIMA: Hapo ndipo hatutafika. Afrika nzima ipi, kama akko hayumo?

RAMA: Akko yumo.

HALIMA: Hayumo, Rama. Kwa namna unavyoisimulia, hayumo.

RAMA: Basi mimi sitaacha kuisimulia. Sitaweza. Nikiacha Adwa nabaki na nini? Kamba ya Abushiri?

HALIMA: Sijasema uache.

RAMA: Unasema niiwekee mkia kila nikiitaja.

HALIMA: Kaffa unaiita mkia?

RAMA: Nimekosea neno. Samahani. Lakini msimamo wangu uko pale pale.

HALIMA: Na wangu.

[kimya]

RAMA: Kahawa hujaniuliza.

HALIMA: Ulikunywa?

RAMA: Baada ya sanamu alinipeleka kwa mama yake mdogo. Chumba kimoja, nyasi zimetandazwa chini, ubani, kahawa inakaangwa mbele yako unapepewa moshi unuse. Wanamimina kutoka kwenye *jebena* ile nyeusi ya udongo. Kikombe cha kwanza *abol*, cha pili *tona*. Nikataka kuinuka, naogopa usiku. Mama akanishika mkono. Cha tatu kinaitwa *bereka*.

HALIMA: Baraka.

RAMA: Baraka! Nikamwambia kwa Kiswahili, baraka. Akacheka mpaka akafuta macho, akaniongezea.

HALIMA: Nyumba nyingi kwetu pia huondoki kabla ya cha tatu. Na ile kahawa jina lake huko linaitwa buna, na kwetu Borana ni buna. Akko alikuwa akiikaanga na maganda yake kwenye samli, anaomba dua juu yake.

RAMA: Mbona hujawahi kutualika?

HALIMA: Njoo Isiolo.

RAMA: Fundi ananionyesha dakika mbili. Dada, jambo la pili na la tatu!

HALIMA: La pili lilikuwa nini?

RAMA: Hotuba ya Haile Selassie Geneva, Juni 30, 1936...

HALIMA: Kwa kalenda...

RAMA: Usianze! Na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Mei 25, 1963. Nilikuwa na ukurasa mzima. La tatu Mto Nili, ule mkataba wa Mwingereza na Misri wa 1929, Nyerere alivyosema haumfungi, na mkataba mpya wa nchi za bonde ulioanza kazi Oktoba 2024. Halafu umeme, maana Kenya mnanunua kwao, laini ile ya Sodo mpaka Suswa.

HALIMA: Dakika moja haitoshi Nili.

RAMA: Haitoshi hata kijito. Nakunja karatasi.

HALIMA: Ile picha unaiweka kwenye ukurasa wetu?

RAMA: Yangu na Menelik? Naweka.

HALIMA: Weka. Na yule kijana, namba yake unayo?

RAMA: Ninayo.

HALIMA: Muulize.

RAMA: Nitamsalimia kwanza. Nitamshukuru kwa kahawa ya mama yake mdogo. Kama atapenda kuniambia, ataniambia.

HALIMA: Haya. Wiki ijayo mimi niko Isiolo, tutarekodi kwa simu.

RAMA: Saa ngapi?

HALIMA: Saa tatu.

RAMA: Usiku?

HALIMA: Usiku.